Wasifu wa Bibi Usianzie Hospitalini

Wenye maswali ya wachumba na mawifi wanivumilie mpaka mwezi ujao. Kuna barua imetoka Songea, ya binti aliyelelewa na bibi yake mzaa mama, na nimeona niijibu hiyo tu, kwa kirefu, maana najua walio kwenye hali yake ni wengi.

Anasema hivi. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule. Bibi akamchukua, akamlea, akamsomesha mpaka chuo cha ualimu. Mwaka huu bibi naye ametangulia. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa ukurasa mmoja, ulioandikwa usiku na mjomba mdogo, na nusu yake ilikuwa habari za kisukari na presha. Sasa familia inajiandaa kwa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kaburi litasakafiwa, ndugu watatoka Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko, na kwa kuwa yeye ni mwalimu, wajomba wamempa kazi ya kuandika historia ya mama yao ili isomwe siku hiyo na itolewe kijitabu. Ameandika. Mjomba mkubwa ameipitia kwa kalamu nyekundu na kukata kurasa mbili, zile zinazoeleza kwamba bibi alipika pombe ya komoni na kuiuza kilabuni kwa miaka mingi. Watu watatuonaje, anasema mjomba. Na binti anauliza: "Dada, nifute?"

Kalamu nyekundu nitaifikia. Kwanza pole yako, mdogo wangu, na nakupa pole ya kufiwa na mama.

Nasema hivyo kwa sababu najua msibani hukuipata. Kwetu pole zina ngazi zake. Wanaokaa mkekani na kushikwa mikono ni watoto wa marehemu. Mjukuu anatumwa maji, anapanga viti, anahesabu sahani, anaulizwa chumvi iko wapi. Isitoshe, mjukuu ni mtani wa bibi yake. Anatazamiwa avae gauni la marehemu, aige mwendo wake na sauti yake ya kugomba, waombolezaji wacheke kidogo. Desturi hii naipenda, imeokoa watu wengi wasizimie kwa kilio. Lakini mjukuu aliyelala kitanda kimoja na bibi yake tangu ana miaka minne hawezi kugeuzwa mchekeshaji wa msiba wa mtu aliyemwita mama. Wewe unayesoma hapa, kama kwenu yuko mpwa au binamu wa namna hiyo, msiba ukitokea mkalishe mkekani pamoja na watoto. Sahani zitahesabiwa na mwingine.

Sasa wasifu.

Wasifu wa kwetu una njia yake, na kila aliyehudhuria mazishi anaijua kwa moyo. Marehemu alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto saba, wajukuu kadhaa na vitukuu. Halafu afya yake ikaanza kutetereka, na hapo ndipo mwandishi anapopata nguvu: zahanati, hospitali ya wilaya, rufaa, vipimo, kuongezewa maji, nafuu ya siku mbili, na saa kumi na moja alfajiri. Kisha maneno ya Ayubu, watu wanaitikia amina. Mama ameishi zaidi ya miaka themanini, tunasomewa wiki zake sita za mwisho.

Simlaumu mjomba mdogo. Aliandika usiku, jeneza likiwa linasubiriwa, na kitu pekee alichokuwa nacho chenye tarehe ni makaratasi ya hospitali. Ndiyo maana mwaka mmoja huu mliopewa ni neema. Ugonjwa wote wa bibi yako unaenea kwenye sentensi moja: aliugua kisukari kwa miaka kadhaa na akafariki tarehe fulani, akiuguzwa na fulani na fulani. Hao waliomwosha na kumgeuza kitandani wataje kwa majina, maana mara nyingi ni wanawake na mara nyingi husahauliwa. Jina la dawa halina faida kwa mtu.

Na tafadhali, sifa. Kila marehemu wa Tanzania alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Sijui wachoyo huzikwa wapi. Ukiandika kwamba bibi alikuwa mkarimu, tuambie alimpa nani nini, lini, na yeye alibaki na nini. Ukiandika alikuwa mkali, tuambie alikuwa mkali kwa jambo gani. Mkali wa pesa? Wa usafi? Wa watoto kuchelewa magharibi? Mtu mmoja aliyekula kwake wakati wa njaa, akitajwa kwa jina akiwa amekaa palepale kanisani, anatosha kufuta mistari kumi ya sifa. Wakubwa mnakumbuka yale matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake, habari ziwafikie fulani wa Tanga na fulani wa Mwanza? Majina ya wapelekewa habari yalikuwa mengi kuliko habari za marehemu mwenyewe. Kwa tangazo ilikuwa sawa, maana kazi yake ni kuita watu. Naona wasifu wetu wengi bado ni matangazo ya redio.

Tuje kwenye jambo lililokutoa jasho, mdogo wangu, mwaka wa kuzaliwa. Unasema msalaba umeandikwa 1938, kitambulisho cha taifa kinasema 1942, na kadi ya kliniki ina mwaka wake wa tatu, na wajomba wanataka mpige kura. Msipige kura. Wazee wengi wa rika lake waliandikwa kwa kukisia walipofika mbele ya karani, na karani wa pili akakisia upya.

Bibi yako alikuwa Mkatoliki, na unasema alibatizwa kwenye kigango cha upande wa Peramiho. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, na mapadre wa misheni walikuwa watu wa kuandika. Kitabu cha ubatizo cha parokia huwa na jina la mtoto, majina ya wazazi, jina la msimamizi na tarehe. Ndoa nayo, ikifungwa baadaye, huandikwa pembeni ya jina lilelile. Nenda ofisi ya parokia ukiwa na cheti cha kifo na kitambulisho chako, ueleze shida yako kwa adabu, na usitegemee kumaliza siku hiyohiyo, kwa sababu vitabu vya zamani huhamishwa parokia mpya zikizaliwa. Ukimkuta alibatizwa mchanga, umeupata mwaka. Ukimkuta alibatizwa mkubwa, hujaupata, lakini utakuwa umepata kitu kikubwa zaidi, jina la mama yake mzazi, ambalo naona hukuliandika popote kwenye kurasa ulizonitumia. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wana vitabu vya namna hiyo pia. Na kama wewe unayesoma ni Mwislamu, mtafute mtu aliyesoma chuoni na bibi yako, au aliyeshuhudia ndoa yake. Wazee wa msikiti hukumbuka nani alifungisha nikaha ya nani.

Pasipokuwa na kitabu, zipo kumbukumbu za nchi. Bibi zetu huenda hawakujua tarehe, ila walijua vizuri walikuwa wapi jambo fulani lilipotokea. Usimuulize shoga wa bibi ana miaka mingapi. Muulize: ule mpango wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya arobaini, mlikuwa mmeshaanza kuchota maji wenyewe? Uhuru wa 1961 ulimkuta bibi na mtoto mgongoni, na ni yupi? Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964 na wakimbizi wakavuka Ruvuma, alikuwa anakaa kijiji gani? Mlipohamishiwa vijijini wakati wa operesheni, katikati ya miaka ya sabini, nyumba yake ya zamani ilibaki wapi, na nani alibeba mlango? Milango ilibebwa, mdogo wangu. Muulize kuhusu kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wanawake wengi wa umri wa bibi yako walijifunza kuandika jina lao chini ya mwembe au kwenye darasa la watoto wao jioni. Kama alisoma, alisoma na nani, nani alikuwa mwalimu wake, na alipojua kuandika aliandika nini kwanza? Kama hakwenda, nani alimzuia? Endelea hivyo: vita vya Kagera 1978, miaka ya foleni za sabuni na unga wa njano, mpaka Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki. Ukimaliza kuuliza utakuwa na maisha ya mtu yaliyopangika, na mwaka wa kuzaliwa utakuwa umejileta wenyewe.

Hapa mimi wa Tanga nina neno langu. Umeandika mstari mmoja tu kuhusu babu: alikwenda Tanga kikazi, akarudi mgonjwa. Kikazi gani? Mwanamume wa Songea wa miaka ya hamsini aliyekwenda Tanga, tisa kwa kumi alikwenda mkonge. Ofisi ya Silabu, ile iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944 kukusanya vibarua, ilichota watu wa kwenu kwa malori, na huku kwetu tukawaita manamba. Walikata mkonge kwa mkataba, wakahesabiwa siku kwa kipande. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi, wapo waliorudi na kikohozi, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Wajukuu zao nimekaa nao darasa moja, majina ya Kingoni, Kiswahili cha Muheza. Sasa tazama orodha yako ya watoto. Mjomba mkubwa na anayemfuata wamepishana miaka saba. Umeandika majina tu ukapita. Hiyo miaka saba ndiyo bibi yako alikuwa peke yake na mtoto mmoja, shamba, wakwe, na barua ambazo hakuweza kuzisoma mwenyewe. Ukiuliza alikula nini miaka hiyo, utajibiwa komoni.

Basi ile kalamu nyekundu tumeifikia.

Usifute.

Sababu yangu ya kwanza ni hesabu. Karo ya shule ya msingi nchini ilifutwa mwaka 1973, na kwa umri uliomtaja, mjomba wako alikuwa ameshamaliza. Mtu alimlipia. Babu, umesema, alirudi mgonjwa, na kahawa hamkuwa nayo. Komoni ilimvalisha mjomba kaptula, ikamnunulia daftari, ikampeleka mpaka ofisini alikostaafu. Ukikata kurasa zile, msomaji ataona mwanamke maskini, mume mgonjwa, halafu ghafla watoto wasomi, na atadhani walishushiwa.

Sababu ya pili ni kwamba bibi hakuificha. Alipika kimea cha ulezi mbele ya macho ya kijiji kizima, akauza kwa sauti, akagombana na wasiolipa, na Jumapili akaenda misa amevaa kitenge chake cha WAWATA. Kama Wanawake Wakatoliki walimpokea, na padre alimkomunisha, sisi ni nani wa kumwonea aibu baada ya kufa?

Na mfano upo, tena wa mtu wa kwetu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa anaandika habari za mwimbaji ambaye sauti yake ilikwishasafiri mpaka Bombay kurekodiwa mwaka 1928 na kuzunguka pwani yote kwenye santuri. Angeweza kuanzia hapo. Lakini Siti alitoka Fumba, shamba la Unguja, nyumba ya wafinyanzi, akawa anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, na wapinzani wake walimsimanga kwa asili hiyo mpaka wakaitungia nyimbo. Mwandishi alikutana naye uzeeni, kabla hajafariki mwaka 1950, na vyungu hakuviondoa. Kila anayemkumbuka Siti leo anakumbuka vyungu, na hakuna anayemdharau kwa ajili yavyo. Msomee mjomba habari hiyo. Wastaafu wanamheshimu Shaaban Robert.

Sisemi kila kitu kiandikwe. Kuna mambo bibi alikwambia usiku, taa imezimwa, mkiwa wawili: baba halisi wa mtoto fulani, ugonjwa wa mtoto aliyekufa kijana, mume aliyempiga, deni ambalo halikulipwa. Hayo alikuwekea wewe, na watakaoumia ni watu walio hai, wengine hawana hata habari kwamba kuna siri inayowahusu. Nyamaza nayo. Kama aliwahi kuolewa kabla ya babu na kuna watoto wa ndoa ile, hao waulize wenyewe kwa heshima kama wanataka watajwe na kwa namna gani, usiwashtukize kanisani. Kipimo changu ni hiki: aliyeona haya ni nani? Kama ni bibi mwenyewe, siri ni yake na imezikwa naye. Kama ni watoto wake ndio wanaona haya, kwa kazi aliyoifanya mchana kweupe ili wale, basi wao ndio wajifunze kuisikia.

Namna ya kumshinda mjomba nayo ina adabu yake. Usibishane naye kwenye kundi la familia la WhatsApp, ambako akishasema hapana mbele ya watu hamsini hawezi kurudi nyuma. Usimwambie kuwa Dada wa gazetini amesema. Mchukue mama mdogo, yule anayesikilizana naye, mwende nyumbani kwa mjomba jioni ameshakula. Msomee kurasa zile kwa sauti, polepole, lakini kwanza uziandike upya, maana nimezisoma na kwa kweli, mdogo wangu, mjomba ana hoja kidogo: umeweka vichekesho vya walevi vingi kuliko kazi. Kazi ndiyo tunayoitaka. Kuloweka ulezi, kusubiri uchipue, kuuanika, kusaga, kuni alizitoa wapi na nani alizipasua, aliamka saa ngapi, alibeba vipi pipa, alipopata hasara alifanyaje, pesa aliifunga kwenye pindo gani la khanga. Kisha karo. Ukifika kwenye karo, mwombe mjomba akusimulie mwenyewe siku alipopelekwa shule na alikuwa amevaa nini. Mzee akiombwa ushahidi hana muda wa kushika kalamu nyekundu. Na kama paroko ataona habari za kilabu hazifai kusomwa kanisani, msimgombeze, hapo ni kwake. Zisomwe nyumbani baada ya chakula, na kwenye kijitabu zibaki kamili.

Kuhusu mashahidi, sikukuu za Desemba watakuja wengi, na wajomba watakusukuma uwahoji wao kwanza. Waache mwisho. Watoto wanamjua mama yao kuanzia walipopata akili, na wakati huo alikuwa ameshachoka. Anza na waliomjua akiwa msichana: wifi zake walio hai, dada waliyechezwa naye unyago mmoja, mwanamke waliyekaa naye meza moja kilabuni, jirani wa kijiji cha kabla ya operesheni. Wakalishe wawili pamoja. Mmoja akisema bibi alikuwa mpole na mwenzake akaguna, nyamaza, acha simu irekodi, chai iendelee kuja. Wanawake wazee wakianza kubishana nani alichaguliwa kwanza na kijana yupi mwenye baiskeli, utapata ambayo usingeyapata kwa maswali yako ya mwalimu.

Vitu vyake nitavisema kwa haraka. Nguo zigawanywe kwa desturi ya kwenu na mapema, kabla hazijaliwa na panya huku watu wakitegeana. Kama kuna kitu unakitaka, kikombe alichopimia unga au jembe lake fupi, kiseme kwa jina mbele ya wakubwa, maana usipokisema kitakwenda kwa mke wa mtu ambaye hata hakijui. Picha za studio zile za zamani, ambazo amesimama kando ya chombo cha maua ya plastiki, zipige tena kwa simu kivulini bila mwanga wa kamera, na nyuma yake andika majina kwa penseli, pembeni. Wino wa kalamu huvuja ukaja mbele. Geuza kila picha kwanza, huenda kuna mhuri wa studio na tarehe. Sauti zake ulizorekodi kwenye simu yako zihamishie mahali pawili leo hii, usingoje simu iibiwe stendi. Na ile simu yake ya kitochi, najua kuna mtu kwenu anapiga namba ile usiku ili tu iite. Laini ikikaa muda bila kutumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Mwambieni mapema anayepiga, asije akapokelewa na kijana wa Kahama.

Wasomaji wangu Waislamu wataniuliza mbona nimesema misa na msalaba tu. Ni kwa sababu mwenye barua ni Mkristo. Kwetu sisi Waislamu wasifu hausomwi kaburini, na hitima ni dua, na hapo pawe pa dua. Lakini hitima ikishasomwa na pilau likishaliwa, watu hubaki barazani mpaka alasiri wakichezea simu zao. Hapo ndipo pa kumzungumzia marehemu kwa mema yake, na wajukuu wawekwe karibu wasikie. Kama mna uwezo wa kumtolea sadaka inayoendelea, kisima au mikeka ya chuo, mfanye. Na watoto wenu wajue ni sadaka ya nani na alikuwa mtu wa namna gani.

Mwisho niseme na ninyi ambao mama na bibi bado wapo, mnaosoma hapa mkidhani barua ya Songea haiwahusu. Mwaka 1858, kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa na binti yake Mwana Hashima alikuwa bado msichana. Hakungoja aandikwe na wajomba. Alitunga utenzi wake mwenyewe, na Waswahili wanausoma mpaka leo. Mama zetu wengi hawatatunga utenzi, wala hawatakubali ukiwaambia wakae uwahoji. Ukimwambia mama "nisimulie maisha yako" atakuuliza kwani nakufa lini. Mshike akiwa anachambua mchele au anasukwa. Muulize jambo dogo lenye ncha: nani alikuwa rafiki yake wa kwanza, alilia nini siku ya harusi, mshahara au mauzo yake ya kwanza alinunua nini. Muulize mama yake aliitwa nani. Ni wangapi kati yenu mnaweza kutaja jina la bibi mzaa bibi yenu? Weka gazeti chini, piga simu, uliza.

Nawe, mdogo wangu wa Songea: kwenye jalada la kijitabu liandike jina lake lote, la kuzaliwa na la ubatizo, halafu ndipo yafuate ya Mama Fulani na Bibi Fulani. Mwaka ukishaupata parokiani, urekebishe na msalabani kabla fundi hajamwaga sakafu. Zile kurasa mbili zirudishe. Kijitabu kikitoka naomba nakala moja. Anwani ya kona hii unayo.